Gereza, Husuni, Boma, Ngome: Somo la Maana za Maneno katika Magofu ya Kilwa

Kiswahili kina maneno manne ambayo kamusi huyaweka karibu karibu: ngome, boma, gereza na husuni. Yote yanahusu mahali palipozungukwa na ukuta au uzio, pa kulinda watu, pa kuwatawala au pa kuwafunga. Katika somo la elimumaana tunayapitia kwa dakika chache, tunaandika visawe vyake daftarini, kisha tunaendelea na mada nyingine. Mimi niliyachagua kuwa mada ya kazi yangu ya kumaliza masomo, na hapa ninawaletea wasomaji wa jarida letu sehemu yake kwa umbo la somo.

Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba eneo la Kilwa, kusini mwa pwani ya Tanzania, lina majengo yanayoitwa kwa maneno haya, na mtu anaweza kuyafikia kwa miguu, kwa mashua na kwa gari katika muda wa siku chache. Ya pili inatuhusu sisi watu wa Ituri. Tumezoea kuambiwa kwamba Kiswahili cha Bunia kimeharibika, kwamba maneno yake yamepoteza maana ya asili na sauti zake zimepotoka. Mwanafunzi akisema "batu banaenda" ndani ya darasa, wenzake wanacheka. Nilitaka kupima hukumu hiyo kwa njia ya kitaaluma: kwenda pale tunapoambiwa kuwa ndipo ilipo asili, kuangalia maneno machache tu, na kuuliza yamesafiri namna gani.

1. Mahali penyewe

Nilisafiri na binamu yangu anayefanya biashara ya vitenge. Tulitoka Bunia kwa barabara ya Mahagi, tukavuka mpaka pale Goli, tukapitia Pakwach na Kampala, kisha mabasi ya Tanzania hadi Dar es Salaam. Yeye alibaki mjini kwa shughuli zake. Mimi nikaendelea kusini, mwendo wa kilomita zipatazo 300, hadi Kilwa Masoko.

Msomaji wa Bunia anapaswa kwanza kujua kwamba jina Kilwa lina mahali patatu. Kilwa Kisiwani ni kisiwa chenye magofu ya mji wa kale. Kilwa Masoko ni mji wa leo wa bara, makao makuu ya wilaya, wenye gati na soko. Kilwa Kivinje ni mji mwingine wa bara, kaskazini ya Masoko, uliokua sana katika karne ya 19 kwa biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Mtu akisema tu "nimefika Kilwa", mwulize ipi.

Ni pwani tulivu. Hakuna msongamano wa wageni kama ule wa Zanzibar. Kuna mikoko inayosimama ndani ya maji, mibuyu minene, minazi, ndege wa pwani, na wavuvi wanaotoka na kurudi kwa kufuata maji kujaa na kupwa. Kwenda kisiwani mgeni huandikishwa kwanza katika ofisi ya serikali inayosimamia magofu, kisha hupewa mwongozaji na kuvushwa kwa mashua. Kuvuka ni kwa muda mfupi. Kisiwani kuna kijiji chenye watu wanaoishi kando ya kuta za karne nyingi: wanalima, wanavua, wanafuga mbuzi, na watoto wanapita katikati ya magofu kama sisi tunavyopita katikati ya parseli za majirani.

Salamu zenyewe zilikuwa somo. Kwetu Bunia "Jambo" ni salamu kamili, na jibu lake ni "Jambo" au "Jambo sana". Kule nilimwamkia mwongozaji wangu, mzee wa makamo, kwa "Shikamoo", naye akaitika "Marahaba, mwanangu." Nilipomwambia nimetoka Kongo, upande wa Ziwa Albert, alisema: "Basi umetoka ziwa moja ukaja kuona maji mengine. Karibu Kilwa." Tangu hapo mazungumzo yetu yalikuwa ya Kiswahili chake na changu, bila mkalimani.

Kwa ufupi, historia ya kisiwa ni hii. Kilwa ulikuwa mji wa biashara uliotajirika hasa kwa dhahabu iliyopitia Sofala, katika Msumbiji ya leo. Sehemu ya kale ya Msikiti Mkuu ni ya karne ya 11, nao ukapanuliwa katika karne ya 14. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331. Wareno waliuteka mji mwaka 1505. Magofu ya Kilwa Kisiwani pamoja na yale ya Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, malighafi ambazo bahari yenyewe inazitoa.

2. Gereza: kutoka kanisa hadi jela

Jengo linalomkabili mgeni anapokaribia kisiwa ni Gereza. Liko ufukweni kabisa, na bahari imekwisha kula sehemu ya ukuta wake. Wareno walijenga ngome kisiwani mara tu baada ya kuuteka mji mwaka 1505, wakaiacha mwaka 1512. Jengo tunaloliona sasa ni kazi ya Waomani wa mnamo mwaka 1800, ingawa limebeba ndani yake mabaki ya kazi ya Wareno.

Siku ile kulikuwa na kundi la wanafunzi wa sekondari kutoka bara. Mmoja alimwuliza mwongozaji: "Mzee, humu walikuwa wanafungwa watu gani?" Mzee akajibu: "Hili si jela, mwanangu. Gereza hapa kwetu ni ngome." Niliandika majibizano hayo neno kwa neno, kwa sababu yana hatua mbili za historia ya neno moja. Kijana wa bara analo neno katika maana yake ya leo. Mzee wa kisiwani analo katika maana ya zamani, iliyohifadhiwa na jina la jengo.

Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba gereza limetokana na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Tuchunguze kwanza sauti. Irabu i ya mwanzo imeanguka. Konsonanti mbili gr, ambazo Kiswahili cha wakati ule hakikuzipenda zikiwa pamoja, zimetenganishwa kwa irabu e. Sauti ya mwisho, ambayo Wareno huiandika j na huitamka kama j ya Kifaransa katika neno jour, imekuwa z. Kanuni ya kutenganisha konsonanti inaonekana pia katika karata, kutoka carta ya Kireno. Maneno mengine ya njia hiyo hiyo tunayo vinywani kila siku hapa Bunia bila kufikiri habari za Wareno: meza, bendera, leso.

Sasa tuangalie maana. Kanisa linakuwaje ngome? Jibu linaonekana vizuri zaidi Mombasa kuliko Kilwa. Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, na ndani ya kuta zake walikuwa na kanisa. Kwa mtu wa nje, kanisa na ngome vilikuwa mahali pamoja penye watu wale wale. Jina la sehemu likawa jina la kitu kizima. Huu ndio uhamaji wa maana tunaouita taashira: kitu hupewa jina la kitu kingine kinachoambatana nacho. Hatua ya tatu ilifuata njia ile ile. Ngome zenye kuta nene na mlango mmoja zilifaa kufungia watu, na watawala waliofuata walizitumia hivyo. Fort Jesus yenyewe ilikuwa jela ya serikali ya kikoloni tangu mwaka 1895 hadi 1958, na ngome ya Lamu ilifungiwa watu hadi mwaka 1984. Basi, kanisa likawa ngome, na ngome ikawa jela.

Wanafunzi wenzangu, hapa tuhesabu vizuri. Kama maana ya kwanza ndiyo pekee iliyo sahihi, kila Mswahili anayesema "amepelekwa gerezani" amekosea, maana anasema mtu amepelekwa kanisani. Hakuna mwalimu wa pwani wala wa bara anayesahihisha sentensi hiyo. Uhamaji huo umekubaliwa kwa sababu ni wa kale na umefanywa na watu wenye heshima ya lugha. Lakini mashine iliyoufanya ni ile ile inayofanya kazi kwetu.

Mfano ni leta. Wazee wetu wa Kongo walisema "kazi ya leta" kwa maana ya kazi ya serikali. Neno ni l'État ya Kifaransa, kibainishi kikiwa kimeshikamana na nomino kama chawa na nywele. Mfano mwingine ni kelasi, ambalo wengi wetu tumelizoea kupitia Kilingala. Katika classe, konsonanti kl zimetenganishwa kwa irabu e, sawasawa na gr katika gereza. Mwalimu anayefurahia gereza na kudharau kelasi amefurahia umri wa neno. Kanuni ni moja.

3. Husuni: jina walilopewa kuta na waliokuja baadaye

Kutoka kwenye Msikiti Mkuu tulitembea kuelekea mashariki, njia ikipita mashambani na vichakani, hadi Husuni Kubwa. Jengo liko ukingoni mwa mwamba juu ya bahari. Lina vyumba zaidi ya 100, nyua kubwa, na birika la kuogea lenye pande nane, ambalo kila mgeni hulisimamia akilitazama. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na maandishi yaliyochongwa juu ya jiwe yenye jina lake yalipatikana humo wakati wa uchimbuaji ulioongozwa na mwanaakiolojia Neville Chittick.

Neno husuni linatokana na Kiarabu: hisn ni ngome, na wingi wake ni husun. Kwa hiyo mgeni anayejua Kiarabu kidogo anafika akitegemea kuona mahali pa vita. Anachokiona ni kasri. Nyua zake ni za kupokea watu na kuweka bidhaa, na birika lake ni la starehe ya mtu mkubwa. Jirani yake kuna Husuni Ndogo, ambayo imezungukwa na ukuta mnene wa umbo la mstatili, nayo ina sura ya ngome zaidi kuliko dada yake mkubwa.

Kwa nini kasri liliitwa husuni? Naona maelezo rahisi ndiyo bora. Mji ulipopoteza utajiri wake na kasri kuachwa, waliobaki waliona kuta nene za mawe juu ya mwamba. Hawakuwa na haja ya kujua chumba kipi kilikuwa cha nani. Walilitaja jengo kwa kile walichokiona. Jina la mahali kwa namna hii linatueleza zaidi habari za aliyelitoa kuliko habari za aliyejenga. Hili ni onyo la kimbinu kwa sisi tunaokusanya majina ya vijiji na vilima vya Djugu, Irumu na Mahagi: tusikimbilie kusema jina fulani linathibitisha kwamba mahali palikuwa hivi au vile. Tuulize kwanza nani alilitoa, katika lugha gani, na akiwa amesimama wapi.

4. Boma: uzio uliogeuka serikali

Siku ya tatu nilikwenda Kilwa Kivinje. Ni mji wa mvinje, ile miti mirefu myembamba ya ufukweni ambayo jina lake limo ndani ya jina la mji. Nyumba nyingi za mawe zimebomoka, mizizi imeingia katika madirisha. Ufukweni liko boma la Wajerumani, jengo lao la utawala.

Maana ya msingi ya boma ni uzio: wa miti, wa miiba au wa udongo. Wafugaji hulaza ng'ombe ndani ya boma, wasafiri hujizungushia boma usiku. Wajerumani walipotawala pwani mwishoni mwa karne ya 19, vituo vyao vilikuwa vimezungushiwa kuta, na watu wakaviita maboma. Punde neno likaacha ukuta likawashika waliokaa ndani yake. "Kwenda bomani" kukawa kwenda kwa mkuu wa wilaya, kulipa kodi, kushtakiwa. Ndani ya wilaya hii hii ya Kilwa, katika vilima vya Wamatumbi, ndiko vita vya Maji Maji vilikoanzia mwaka 1905, baada ya watu kulazimishwa kulima pamba. Kwa watu wale boma halikuwa tena neno la ulinzi.

Kuna hadithi mbili za kuangalia kuhusu neno hili. Ya kwanza inasema boma ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya Utawala wa Uingereza Ng'ambo. Hadithi hiyo haiwezi kuwa kweli: Stanley aliliandika neno boma katika kitabu chake cha mwaka 1872, miaka mingi kabla ya Uingereza kutawala Tanganyika. Ya pili inatugusa Wakongo, nayo ni kulihusisha neno hili na mji wa Boma karibu na mdomo wa mto Kongo, uliokuwa makao makuu ya Dola Huru ya Kongo. Mji ule uko katika nchi ya Kikongo, na jina lake linapaswa kuchunguzwa ndani ya lugha za huko. Mfanano wa sauti peke yake si ushahidi wa undugu.

Tulinganishe sasa na kwetu. Pwani waliita serikali kwa jina la uzio wake. Sisi tuliiita leta, kwa jina ililojiita yenyewe. Boma na leta ni maneno mawili ya kazi moja, kila moja likionyesha jinsi watu walivyokutana na mtawala: wengine kwa kuuona ukuta wake, wengine kwa kulisikia jina lake. Hakuna sababu ya kisayansi ya kusema moja ni Kiswahili na jingine ni takataka.

5. Ngome: neno linalotegemea amani

Neno la nne ndilo la kawaida zaidi, na ndilo gumu kwetu. Kule pwani ngome ni mahali pa kutembelea. Ngome Kongwe ya Zanzibar, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, ni mahali pa maonyesho na muziki. Watoto hupelekwa na walimu wao kuona ngome kama sisi tulivyopelekwa kuona ziwa Kasenyi.

Makanisani mwetu ngome ni neno la faraja, kwa sababu tafsiri za Zaburi humwita Mungu hivyo. Lakini msikilize msomaji wa habari redioni: ngome ya waasi imeshambuliwa, ngome ya kundi fulani imetekwa. Katika Ituri ya miaka hii ngome ya pili ndiyo inayofika masikioni mara nyingi zaidi. Tangu Mei 2021 mkoa wetu uko chini ya utawala wa kijeshi wa hali ya dharura. Watu wengi wamekimbia vijiji vyao, na neno walilo nalo kwa mahali pa kujikinga si ngome. Ni kambi, au sait, kutoka site ya Kifaransa: "tunakaa sait". Hapana ukuta, hapana mwamba, ni maturubai tu. Lakini kazi inayotarajiwa ni ile ile ya husuni na ya boma la kale, yaani kumlinda aliyemo.

Nilipomwambia mzee wangu wa Kilwa kwamba kwetu neno ngome linaogopesha, alikaa kimya kidogo, akasema: "Hata hapa liliogopesha, wakati wake." Ndiyo sentensi niliyoifikiria sana katika basi la kurudi. Utulivu wa Kilwa tunaokwenda kuutazama si tabia ya mahali. Ni kile kilichobaki baada ya vita, biashara ya watumwa na utawala wa nguvu kupita. Neno limepoa kwa sababu mambo yamepoa.

Ituri nayo ina ngome yake katika vitabu vya historia, ingawa haikuwa ya mawe. Mwaka 1888 msafara wa Stanley uliokuwa ukienda kumtafuta Emin Pasha ulijenga kituo ndani ya msitu, mahali palipoitwa Ibwiri, kwa miti na udongo, ukapanda mahindi kuzunguka. Stanley alikiita Fort Bodo, akaeleza kwamba maana yake ni ngome ya amani. Wengi wa wapagazi na askari wake walikuwa wameandikishwa Zanzibar. Kabla yao na baada yao walipita msituni wafanyabiashara wa pembe kutoka Manyema, wengi wao wakitumia Kiswahili. Kwa njia hizo, zenye jasho na damu, Kiswahili kiliingia kwetu. Wenyewe walijiita waungwana, na ndiyo asili ya jina Kingwana ambalo Wabelgiji waliipa lugha yetu. Muungwana pwani ni mtu huru mwenye adabu. Jina tulilofundishwa kulionea haya lina neno la heshima ndani yake.

6. Matokeo kwa Kiswahili chetu

Nimetoa mifano minne. Gereza lilibadilika maana mara mbili. Husuni iliwekwa juu ya kitu kisicho husuni. Boma liliacha uzio likawa mamlaka. Ngome inabadilika ladha kila inapovuka mpaka. Yote yametokea katika lugha ile tunayoambiwa ni asilia, na nusu yake katika pwani yenyewe. Kwa hiyo hoja kwamba Kiswahili cha Bunia kimeharibika kwa sababu kimebadilika haina msingi.

Turudi sasa kwa "batu banaenda". Wataalamu wa lugha za Kibantu wanakubaliana kwamba kiambishi cha kale cha ngeli ya watu ni ba-. Ni pwani ndiko ba- ilikogeuka wa-. Vilevile mu- ya "mutu" ni umbo kamili, na m- ya "mtu" ndiyo iliyopoteza irabu. Sisemi kwamba Kiswahili cha Bunia ni cha kale kuliko cha Kilwa. Ba- yetu imetiwa nguvu na lugha jirani kama Kibira, Kihema na Kilingala, ambazo hazikuiacha. Ninasema tu kwamba anayecheka "batu" anacheka umbo lililomzaa babu wa "watu".

Na sanifu je? Kiswahili sanifu kina tarehe ya kuzaliwa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliamua kwamba Kiunguja, lahaja ya mjini Zanzibar, ndiyo iwe msingi wake, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Lahaja za Mombasa na Lamu, zenye ushairi mkubwa, hazikuchaguliwa. Kilwa pia ina Kiswahili chake, kinachoitwa Kimgao, na wenyeji hujifunza sanifu shuleni kama sisi. Sanifu ni chombo cha kuandikia, kufundishia na kuelewana kutoka Bunia hadi Kilwa, na mimi ninaitumia hapa kwa hiari. Tujifunze vizuri, maana bila hiyo hatutapata kazi ya ualimu wala ya kutafsiri. Lakini tuifundishe kama makubaliano. Katiba yetu ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na haikusema Kiswahili cha watu wengine.

7. Mazoezi

Kwa wenzangu wa mwaka wa kwanza na wa pili wa lisansi, napendekeza kazi nne zinazoweza kufanyika bila kuvuka mpaka.

(a) Kusanya sentensi 20 kutoka habari za redio zenye neno ngome. Zigawe kwa maana: jengo, kundi la silaha, chama cha siasa, Mungu. Maana ipi inaongoza?

(b) Waulize watu watano wenye umri wa miaka zaidi ya 60 na watano wenye umri chini ya 25 wanatumia neno gani kwa mahali wanapofungwa watu: gereza, jela, boloko, au jingine. Andika tofauti za maana wanazozitoa, usiwasahihishe.

(c) Tafuta maneno matano ya Kifaransa yaliyoingia katika Kiswahili cha Bunia ambamo konsonanti mbili zimetenganishwa kwa irabu, au kibainishi kimeshikamana na nomino. Onyesha kanuni, kisha uilinganishe na njia ya igreja hadi gereza.

(d) Chagua jina moja la mahali karibu na kwenu. Tafuta masimulizi mawili tofauti ya asili yake kwa watu wa lugha mbili tofauti, kwa mfano Kilendu na Kihema, au Kialur na Kindo. Yaandike yote mawili kwa heshima sawa kabla ya kusema lipi lina ushahidi. Katika mkoa wetu, ambako jina la kilima linaweza kuwa sababu ya kugombana, zoezi hili ni la kufanywa kwa uangalifu, na mwalimu awepo mnapolijadili.